Vitambaa vya Meza vya Jumba la Mumiani

Mvinyo uliokaukia kitambaani una harufu ya siki na zabibu zilizovunda. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Kibokoni, sijapata kuonja ulevi hata tone, lakini harufu hiyo naijua kuliko wanywaji wenyewe. Niliijua kabla sijajua kusoma. Na kusoma kwenyewe sikufika mbali. Darasa la nne nilitolewa, nikawekwa ndani nyumbani kama wasichana wa zama zetu. Kwa hivyo msinitafutie makosa ya herufi. Nasema nilivyoona.

Aliyenirudisha huko ni mjukuu wangu Saada. Saada ni mchoraji wa ramani za majumba, na nikilisema hilo huwa nalisema kwa sauti ili jirani wasikie. Juzi alikuja kutoka Tudor anakokaa, buti zake zimejaa vumbi la chokaa. Amepewa kazi ya kulipima jumba kongwe la Mafrimasoni, wale wa chama cha siri cha Kizungu, lile la kwenye miti, ukishaipita Ngome kama waenda Feri. Wenyewe wamebaki wazee wachache, hawaliwezi tena, lageuzwa ofisi. Ndani ya kabati alikuta kitambaa cha meza kimekunjwa na doa lake, la karamu yao ya mwisho labda. Akaniletea.

"Bibi, hili doa la nini?"

Nikalinusa. Nikaketi.

"Wakubwa zangu wanataka historia ya jumba," akasema. "Nani alijenga, nani aliingia, lini likaanza kupooza. Wewe hukumbuki chochote?"

Nakumbuka. Lakini mimi jumba lile sikulijua kwa mlango wa mbele. Nililijua kwa kapu la nguo chafu. Na ninachokikumbuka sikumwambia, kwa sababu hakiingii kwenye ramani. Nawaambia nyinyi wenzangu, mliokuwa watoto siku zile, mnaojua mumiani alikuwa nani.

Mama yangu, Bi Nuru, alikuwa na kazi mbili, zote za maji. Ya kwanza, kufua nguo za watu. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa, akamwachia mama nyumba yenye kisima uani, na mama akaongeza madebe mawili na pasi ya makaa. Ya pili, kuosha maiti wa kike. Hii ya pili usiiite kazi. Ilikuwa cheo. Mwanamke akifariki mtaani, kabla wa nyumbani hawajafuta machozi, mtu huyo mbio mlangoni kwetu: "Bi Nuru, twakutaka." Mama alivaa buibui, akatungua kata yake ya kumiminia maji, iliyotundikwa peke yake kwenye msumari wa juu, akatia kikapuni karafuu maiti na majani ya mkunazi, akatoka. Watu walimpisha. Mimi nilifuata nyuma, kichwa juu, kama mtoto wa liwali. Mtoto wa dobi nilikuwa siku zote, lakini siku ya msiba nilikuwa mtoto wa Bi Nuru.

Aliyemsaidia kumimina maji ni Bi Tima, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke mwenye sauti na mikono mizito. Mtoto wake Maryamu nilisoma naye chuoni, kwa mwalimu wa Kurani.

Nguo za Mafrimasoni zililetwa na Mzee Yosia, mlinzi na mfagiaji wa lile jumba. Mtu wa bara, Mkristo, suruali fupi ya kaki, miguu kama nguzo za bandari. Hakujua kusema kwa sauti ndogo, hajawahi, hata siri aliitangaza.

"Hodi wenyewe! Sabalkheri Mama Dija!"

"Sabalkheri Mzee Yosia. Karibu, lakini teremsha sauti, hapa si stesheni."

Akitua kapu, akakaa kizingitini na kikombe cha kahawa, akatupa habari za jumba. Alisema lilijengwa na Wazungu wa reli na wa bandarini, mawe yalikatwa papa hapa kisiwani, vigae vya sakafu vikaja na meli, cheusi kwa cheupe. Mwanzo waliingia Wazungu peke yao. Hata Mhindi mwenye maduka alisimama nje na kofia mkononi. Baadaye wakaingia Maparsi, kisha Wahindi mawakili na madaktari.

"Na Mwafrika?" mama akauliza siku moja.

"Mimi hapa! Naingia kila siku, na ufagio!" Akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Na wao wafanya nini humo ndani?"

"Hilo muulize Mungu. Wakianza, mmoja husimama mlangoni na upanga, mimi hutumwa jikoni nikaangalie kuku wasiungue. Mwisho wao hula. Kula wajua hao, mama!"

Hiyo ndiyo historia niliyoipata, na nyingine niliihesabu mwenyewe. Nilipoanza kujua hesabu, kapu lilikuja na vitambaa vya meza kumi na viwili, vizito, vyeupe, virefu kama sanda. Habari za kubadilishwa bendera zilipokaribia, vikawa vinane. Wazungu walikuwa wakifunga masanduku. Halafu vikawa vitano. Yosia akasema viti vimebaki vitupu, wakiimba hawajazi ukumbi.

Kila kitambaa kilikuwa na madoa mekundu. Mama alikuwa akiyatia chumvi, akayasugua kwa ndimu, akachemsha na magadi, akasuuza mara tatu, mwisho buluu ya kung'arisha na kanji ya kukazia. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, yakapita kwenye mtaro wa uani, yakachomoza chini ya ukuta mpaka uchochoroni. Nilikuwa nikikaa na kutazama wekundu ule ukitembea. Na kila akimaliza, mama aliosha mikono mpaka viwiko, tena na tena, akavua nguo zote akavaa nyingine ndipo aswali. Kwa nguo za watu wengine hakufanya hivyo. Hilo nililiona.

Siku moja tulikwenda kurudisha kapu wenyewe, Yosia alikuwa na homa. Tukapitia nyuma. Uani mwa jumba palikuwa na kamba, na kwenye kamba zimeanikwa aproni nyeupe, nyingi, zapepea. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mbele kabisa, nikaona sakafu kama ubao wa sataranji, na Yosia na homa yake ameketi juu ya kigae cheusi anasugua upanga kwa kitambaa.

Sasa nielezeni. Mimi nina miaka minane. Aproni nimeziona kwa watu wa aina moja tu duniani, nao ni wachinjaji wa Marikiti. Hapa pana aproni za watu wazima thelathini, pana panga, na nyumbani kwetu pana vitambaa vyekundu. Na mumiani, kila mtoto wa Mombasa alimjua: hukamata watu, huwatoa damu ikafanywa dawa, na mtu hapatikani hata kuzikwa. Ngome ile tulikatazwa kuipita peke yetu kwa sababu yake.

Njiani nikauliza, "Mama, wale Wazungu ni wachinjaji?"

Akacheka. "Wewe nawe! Wachinjaji wa nini?"

"Basi yale mekundu kwenye vitambaa ni nini?"

Kicheko kikakatika. Akasimama katikati ya njia, akainama, uso wake karibu na wangu.

"Dija. Hilo usilitaje. Si nyumbani, si chuoni, si kwa mtu. Wanisikia?"

Nikamsikia vizuri sana. Mama alikuwa akificha mvinyo. Mvinyo ni najisi, na mkono unaoosha maiti wa Kiislamu haukutakiwa ujulikane umekamua mvinyo wa karamu ya watu wengine, hata kwa kuufua, hata kama baadaye umeoshwa mara mia. Lakini neno mvinyo hakulitamka mbele yangu, aliona ni aibu kumwambia mtoto. Mimi nikaona hofu usoni mwake, nikajua: ni damu.

Na wala sikuogopa. Hilo ndilo la kushangaza. Niliona fahari. Mama yangu anajua siri ambayo hata mwalimu wa chuo haijui.

Nilikaa nayo wiki mbili. Kisha siku moja, mwalimu ametoka, Maryamu akaanza.

"Dobi, dobi! Mamake dobi! Hata chupi za makafiri mwafua!"

Wasichana wakacheka. Nikasimama juu ya mkeka.

"Mamangu hafui chupi. Afua damu. Ile ya mumiani, kule kwenye jumba la kwenye miti. Na mumiani wakitaka watoto, yeye ndiye huulizwa majina. Ukinicheka tena, nitalipeleka lako."

Maryamu akafumba mdomo. Chuo kizima kikanyamaza, hata nyuki angesikika. Wallahi nilijiona malkia. Nilirudi nyumbani nikiruka ruka kwa mguu mmoja.

Haikufika siku tatu. Mama alikuwa akifua vile vitambaa vitano, na nje uchochoroni nikasikia viatu. Nikachungulia. Wanawake sita saba wamesimama wameinamia mtaro, wamejiziba pua kwa mitandio, watazama maji yetu yakipita. Hakuna aliyesema kitu. Hilo ndilo lililonitia baridi. Watu wa Kibokoni kunyamaza!

Baada ya hapo nguo za watu hazikuletwa tena. Watoto wakiniona waliitwa ndani. Mama akitoa salamu, alijibiwa nusu, na nusu hiyo kwa kuangalia ukuta. Akawa hajui kosa lake, au nilidhani hajui. Aliendelea kuchota maji, kufagia kizingiti, kutia kata yake jivu na kuing'arisha. Mimi nilijua. Nilikuwa nikilala karibu yake, neno liko hapa kooni, halipandi halishuki. Kila nikisema kesho nitamwambia, kesho inakuja na macho yake yamechoka, nasema kesho.

Mzee Yosia akaja na kapu lake, hana habari. Bi Tima na wenzake wakamzuia uchochoroni.

"Rudi na damu yako, mzee! Hapa ni mtaa wa watu!"

"Damu?" Yosia akatua kapu. "Damu gani?"

"Tumeyaona maji kwa macho yetu!"

Akaangalia kapu, akawaangalia, akacheka kicheko chake cha stesheni. Maskini, alidhani anamwokoa. "Ati damu! Mama zangu, ni mvinyo huo! Mvinyo wa chakulani! Wale wazee wakilewa humwaga! Huyu mama amefua mvinyo miaka mingapi, muulizeni!"

Mlango wetu ulikuwa wazi nusu. Nilimwona mama akiusikia uchochoro mzima ukiisikia sauti ile. Akafumba macho. Hakutoka.

Sasa nusu ya mtaa ikaamini damu, nusu ikaamini mvinyo, na wote wakakubaliana kwamba mikono ile isiguse maiti.

Aliyebaki ni Bi Zena. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na rafiki wa mama tangu utotoni, walinyonya ziwa moja, walichezwa ngoma moja. Wakati huo alikuwa mgonjwa wa kitandani, amekwisha, amebaki macho na ulimi. Akatuma tuitwe. Tulipoingia, wa nyumbani wakatoka chumbani haraka, na Bi Zena akamwambia mama aketi kitandani, si kwenye kiti.

"Nuru, n'nambie mimi. Wafua nini?"

Mama akamwambia yote, kwa sauti ndogo, kichwa chini. Bi Zena akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikaogopa atafia hapo hapo.

"Mvinyo! Na mimi nimelala hapa nadhani rafiki yangu amekuwa jini!" Akamshika mkono. "Sikiliza. Hata ungekuwa wafua mashetani. Siku yangu, nioshe wewe. Tima asiniguse, ataniosha kama sufuria."

"Usiseme hayo, Zena."

"Nisiseme kwa nini? Nani mwengine atasema? Mimi sitaki mikono nisiyoijua. Niahidi."

Mama akaahidi. Bi Zena akanigeukia. "Na wewe shahidi."

Nilikuwa shahidi. Shahidi wa miaka minane, na mwenye fitina ni yeye huyo huyo. Nilitaka kusema pale, Bi Zena alikuwa mtu wa kuambiwa. Angenifinya kisha angetafuta njia. Angewaita wanawake kitandani pake akawapasha. Nikafungua mdomo. Wa nyumbani wakaingia na uji. Nikaufunga.

Alifariki siku nne baadaye, asubuhi, jua limeshachomoza. Kilio tulikisikia wenyewe kupitia ukutani. Hakuna aliyekuja mbio kutuita. Mama alingoja. Alikaa na buibui lake mapajani, akitazama mlango, nami natazama mlango. Mwisho akainuka, akatungua kata, akachukua kikapu, tukatoka.

Bi Tima alikuwa amesimama mlangoni kwa Bi Zena, mikono imeshika miimo miwili.

"Rudi, Bi Nuru."

"Nimemwahidi."

"Umemwahidi, nasi tumekusikia. Lakini huyu aenda kwa Mola wake. Tumtie mikononi mwa nani? Mikono ya mvinyo? Ya damu? Wewe mwenyewe wajua ipi."

"Tima. Wewe umenimiminia maji miaka yote hii. Kata hii iliwahi kugusa debe la dobi?"

"Mimi sikuwa nikikaa kwako kulinda kata."

Ndani wanawake walikuwa wakilia, na kati ya kilio niliwasikia wakinong'ona. Hapo ndipo neno likapanda, lenyewe.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliyesema! Mama hajui kitu! Nilimdanganya Maryamu, hakuna damu, hakuna mumiani, ni mimi mwongo!"

Bi Tima akaniangalia. Macho yake yakalainika kabisa. Akanipapasa kichwa.

"Masikini mwana. Waona anavyomtetea mamake? Mola akuhifadhi, mwanangu. Nenda kacheze."

Nililia, nikagaagaa, nikaapa kwa msahafu, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonihurumia. Uongo wangu waliukubali kwa neno moja, kwenye mkeka, bila kiapo. Ukweli niliwapa mbele ya maiti wakaniambia nikacheze.

Mama akanishika mkono. Hakumsukuma mtu, hakumtukana mtu. Ng'ambo ya uchochoro palikuwa na baraza ya mawe, imekabiliana na ukuta wa chumba alimolazwa Bi Zena. Akaketi pale. Nikaketi karibu yake.

Ukuta ulikuwa mwembamba na dirisha limefungwa nusu. Tulisikia kila kitu. Tulisikia madebe yakitua, sauti ya Bi Tima ikiamrisha, maji ya kwanza yakimwagika. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani. Nikaona vidole vyaanza kwenda. Alikuwa akimwosha. Pale barazani, hewani, polepole, mkono mmoja umeinua kichwa kisichokuwapo na mwingine unapitisha maji nyuma ya shingo.

"Kulia kwanza," akasema, si kwangu. "Kulia kwanza, Tima. Pole pole, bega lile lilikuwa lamuuma."

Maji yakachomoza chini ya ukuta, yakapita mbele ya miguu yetu, yananuka mkunazi. Mama akainua miguu yasimguse.

Nikasema, "Mama, ni kweli. Ni mimi."

"Najua."

"Wajua?"

"Tima alinambia siku ile ile. Alikuja kuniuliza kama kweli umesema."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu labda Maryamu hakusikia vizuri."

"Kwa nini hukusema mimi ni mwongo?"

Mikono yake haikusimama. Ilikuwa imefika miguuni. "Ningelisema hilo mara moja," akasema, "wewe ungeitwa hivyo mpaka uzeeke. Mimi nilidhani langu litapita."

Ndani maji yakanyamaza. Mama akanyanyua kichwa, akasikiliza. Nikasikia nguo ikichanwa, ile sanda, na harufu ya karafuu maiti ikatoka dirishani. Mama akakunja uso.

"Mbona upesi hivi?"

Muda haukuwa mrefu, wanaume wakaitwa, jeneza likatolewa, kikapita kishindo cha miguu na shahada, na uchochoro ukabaki mtupu. Mama alilisindikiza kwa macho mpaka pembeni. Mikono yake bado ilikuwa imeinuka kidogo, vidole vitatu vitatu, kama mtu aliyekatizwa.

Mwanamke husukwa. Akishaoshwa, nywele zake husukwa mikia mitatu, zikalazwa nyuma, ndipo avishwe. Ni kazi ya mkono mwepesi na haitaki haraka.

"Hawakumsuka," mama akasema. "Wamempeleka na nywele wazi."